Baruti, Vaibreta au Nyundo: Nani Aipige Ardhi ya Milimani?

Mtu akisikia kwamba kikosi cha kukusanya data za mitetemo kinakwenda kupima safu ya milima, huuliza kwanza: watabeba kitu gani chenye nguvu? Miamba inayotafutwa iko kilomita tatu au nne chini, mlima wenyewe ni jabali tupu, basi mshindo na uwe mkubwa. Hesabu inaonekana nyepesi. Tatizo ni kwamba wimbi linaloshuka kilomita nne na kurudi mara nyingi huharibikiwa vibaya zaidi katika mita ishirini za mwanzo. Na kabla ya hizo mita ishirini kuna suala la kufika. Mashine iliyokwama bondeni haipigi chochote mlimani.

Kwa asiyeijua kazi hii, mambo yako hivi. Unaipiga ardhi, wimbi linashuka, na kila linapokutana na mpaka wa miamba miwili isiyofanana, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Jiofoni zilizochomekwa ardhini huunasa mwangwi huo, na muda wa kwenda na kurudi ndio unaoeleza kina. Piga mahali pengi, jumlisha miangwi, utapata picha ya matabaka yaliyolala chini. Kile kinachoipiga ardhi ndicho chanzo. Kwenye tambarare kavu na pana uchaguzi wa chanzo humalizika katika kikao kimoja. Milimani unaweza kubadilika mara tatu ndani ya mstari mmoja wa kilomita ishirini.

Koti la mlima

Karibu kila mlima umevaa koti: udongo, kokoto zilizoporomoka kutoka juu, na mwamba uliooza kwa jua na mvua. Ndani ya koti kavu wimbi hutembea mita 400 hadi 800 kwa sekunde. Mwamba mzima ulio chini yake huweza kulipitisha kwa mita 3,000 au 4,000 kwa sekunde. Koti ni godoro: humeza mitetemo ya haraka na kuiacha ile ya polepole ipite.

Hasara yake si ndogo. Kwenye mwamba wa mita 3,000 kwa sekunde, mtetemo wa masafa ya Hz 30, yaani mitetemo 30 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa mita 100, na kwa kanuni inayotumiwa sana, tabaka linaloweza kutofautishwa juu na chini ni la robo ya urefu huo, yaani mita 25. Koti likikuachia Hz 15 tu, tabaka la mita 25 limeshapotea. Sasa unaona la mita 50 kwenda juu. Hakuna kompyuta itakayorudisha kilichomezwa.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Mwaka 1955 wanafizikia Miller na Pursey walikokotoa nishati inakwenda wapi pale sahani inapotetemeshwa wima juu ya ardhi isiyo na matabaka. Walipata kwamba takriban asilimia 67 huondoka kama mawimbi ya Rayleigh, yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, asilimia 26 ni mawimbi ya mkato, yanayoitikisa ardhi kwa ubavu, na asilimia 7 tu ni yale mawimbi ya mgandamizo tunayoyahitaji yashuke chini. Asilimia saba! Kwenye tambarare yale yanayotambaa huondoka kwa mstari na mwendo unaotabirika, hivyo mchakataji huyatambua na kuyachuja. Milimani hugonga genge, korongo na ukingo wa bonde, yakarudi kutoka ubavuni kwa mwendo wowote na wakati wowote, na kwenye rekodi hufanana kabisa na mwangwi wa kweli.

Hapo ndipo swali la nguvu linapojikwaa. Kelele ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya nje: upepo, mto, magari, mifugo. Hiyo ukiongeza nguvu ya chanzo unaishinda. Ya pili imezaliwa na chanzo chenyewe, kama hayo mawimbi yanayodunda kwenye magenge. Ukiongeza nguvu mara mbili, nayo inaongezeka mara mbili, na uwiano wake na mwangwi unabaki palepale. Katika ardhi iliyochongoka kelele ya pili ndiyo kubwa mara nyingi, na dawa yake ni kupiga mahali pengi zaidi, ili miangwi ijumlike na takataka, kwa kuwa zinatoka pande tofauti kila mara, zifutane. Kwa hiyo ninapoambiwa kuwa chanzo fulani kina nguvu mara tano, nauliza kinaweza kupiga mahali pangapi kwa siku, na kama kimekaa juu ya koti au kimepita chini yake.

Baruti, na ule mwangwi wa juu

Baruti ni mkongwe wa kazi hii. Majaribio ya mwanzo ya kunasa mwangwi kutoka kwenye matabaka, yaliyofanywa Oklahoma nchini Marekani mwaka 1921 na kundi la John Clarence Karcher, yalitumia baruti. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado ndiyo inayotawala milimani. Si kwamba watu wameshindwa kubuni kingine. Baruti inashuka chini ya koti, na kilo mbili zake zinabebeka mgongoni.

Tusimame kwenye tundu moja tuliangalie. Wachorongaji wamefika mita 15, wamepata udongo wa mfinyanzi uliolowa, mahali pazuri kuliko pote pa kulaza baruti, kwa kuwa unaikumbatia bila kuacha nafasi ya hewa. Kilo mbili zinashushwa pamoja na fataki, kifaa kidogo cha kuilipua baruti, kisha tundu linajazwa vumbi la uchorongaji na changarawe, na kushindiliwa hadi juu. Ujazaji huo ndio wafanyakazi waliochoka hupenda kuuruka. Tundu lisiposhindiliwa, mlipuko hutafuta mlango wa karibu, yaani mdomo wa tundu: utaona chemchemi nzuri ya matope ikiruka angani, na kila tone lake ni nishati ambayo haikwenda chini.

Jiofoni moja imewekwa kando ya mdomo wa tundu. Kazi yake ni kupima muda wa wimbi kupanda kutoka kwenye baruti hadi juu. Tuseme imeonyesha milisekunde 10. Namba hiyo ndogo inatoa zawadi mbili. Kwanza inaeleza unene na mwendo wa koti mahali pale, habari inayohitajika baadaye kusahihisha picha nzima, kwa maana milimani jiofoni moja iko kileleni na jirani yake shimoni, na bila masahihisho hayo tabaka lililonyooka huonekana limekunjamana. Pili inatoa onyo. Sehemu ya mlipuko hupanda juu, hugonga uso wa ardhi, hugeuka kichwa chini miguu juu na kushuka kumfuata mwenzake, ikiwa imechelewa milisekunde 20, kumi za kupanda na kumi za kushuka. Mtetemo wa Hz 50 hukamilisha mzunguko mmoja katika milisekunde 20 hizohizo. Mfuasi aliyegeuzwa akifika baada ya mzunguko mmoja kamili, kilima chake kinakaa kwenye bonde la wa kwanza, na wote wawili wanafutika. Hz 25, kinyume chake, wanasaidiana.

Kwa hiyo kina cha tundu ni chujio. Meneja anayeagiza matundu yote yawe ya mita 15 kwa sababu mradi uliopita ulifanya hivyo, ameagiza pia ni masafa gani yafe, pengine bila kujua. Kama shabaha ni tabaka jembamba linalohitaji Hz 50, tundu hilo halifai hata kama baruti ingekuwa ya dhahabu. Ama libadilishwe kina, ama lilingane na ardhi ya pale mpaka masafa yanayofutika yaangukie mahali yasipodhuru.

Kuongeza baruti nako kuna ujanja wake. Mlipuko mkubwa huvunja mwamba kwa kiasi kikubwa zaidi kuuzunguka, na uwazi huo mpana hutoa sauti nzito zaidi, kama ngoma kubwa na ndogo. Kwa kanuni ya jumla, uzito wa baruti ukiongezwa mara nane, masafa makuu hushuka takriban nusu. Unapata kina, unapoteza ukali wa picha. Mara nyingi kilo moja iliyokaa kwenye udongo uliolowa huleta rekodi bora kuliko kilo nne kwenye kokoto kavu.

Halafu kuna mwamba wa chokaa. Milima ya Zagros nchini Iran na nyanda za juu za Papua New Guinea zinajulikana kwa hilo: chokaa imechomoza hadi juu, maji yameila kwa karne nyingi, ndani kuna mapango na nyufa. Mchorongaji anaona hewa na maji anayosukuma yanapotelea chini bila kurudi. Baruti ikiangukia kwenye pango, mlipuko unapiga hewa badala ya kupiga mwamba. Mahali pa namna hiyo ni afadhali kusogeza tundu makumi ya mita kufuata mfuko wa udongo kuliko kung'ang'ania alama ya mpimaji.

Kufika huko

Kuna mashine za kuchoronga zinazobebwa na watu wanne, vipande vipande. Kwenye udongo laini zinafanya kazi nzuri. Kwenye jabali unahitaji nyundo inayopiga ndani ya tundu na kompresa ya kuisukuma, na kompresa haibebwi mabegani. Hapo ndipo helikopta inaingia: mashine inafunguliwa vipande, kila kipande kinaning'inizwa kwa kamba ndefu, kinashushwa kwenye kibaraza kilichosafishwa ubavuni mwa mlima, kinaunganishwa, kinachoronga, kinafunguliwa tena.

Lakini helikopta nayo hupumua. Kwenye mita 4,000 hewa ina uzito wa takriban theluthi mbili ya ile ya usawa wa bahari, na joto la mchana huipunguza zaidi. Rubani aliyebeba kipande fulani asubuhi kwenye ubaridi anaweza kukikataa saa nane mchana, na ni haki yake kabisa. Ndiyo maana Lama ya Ufaransa, helikopta ndogo iliyofika mita 12,442 mwaka 1972, ilipendwa mno na vikosi vya milimani. Kompresa ya dizeli pia inakosa pumzi huko juu, hivyo uchorongaji unakwenda polepole palepale ambapo kila saa ni ghali zaidi.

Njia moja ya kukwepa yote hayo ni matundu mafupi mengi: badala ya moja la mita 15 lenye kilo mbili na nusu, unachimba matano ya mita tatu yenye nusu kilo kila moja, yalipuliwe pamoja. Mashine ndogo inatosha. Kasoro yake ni wazi: umebaki ndani ya koti. Kwenye mteremko mkali kuna kasoro ya pili, kwamba matundu matano yakitofautiana mwinuko wa mahali yalipo, mishindo yao haifiki chini kwa pamoja, na masafa ya juu yanajiumiza yenyewe. Yapangwe kukata mteremko kwa usawa, si kushuka nao.

Usalama sitaurefusha ingawa ungestahili makala yake. Fataki za umeme haziishi vizuri na radi wala na redio iliyo karibu, na milimani radi za alasiri ni jambo la kawaida. Kazi husimama na watu huondoka kwenye matundu. Fataki na baruti husafirishwa na kuhifadhiwa kila kimoja mbali na kingine. Chemchemi, mabwawa, nyumba na miteremko iliyo tayari kuporomoka hupewa umbali wake, na umbali huo hupunguza ramani kabla hujachagua lolote.

Vaibreta na subira yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wahandisi wa kampuni ya Conoco nchini Marekani walikuja na wazo geni: badala ya kupiga mshindo mmoja mkali, iimbie ardhi polepole. Lori, ndiyo vaibreta yenyewe, linashusha bamba, linaegemeza uzito wake juu yake, na mfumo wa haidroli unalitetemesha kuanzia sauti nzito, tuseme Hz 5, ukipanda hadi Hz 80 kwa sekunde 20. Rekodi inayotoka ni vurugu tupu. Lakini kwa kuwa wimbo ulioimbwa unajulikana sawasawa, kompyuta huutafuta ndani ya vurugu na kuukunja, na sekunde 20 zinageuka mshindo mfupi wa milisekunde kumi na kitu. Lori kubwa husukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 27 hivi.

Utamu wake ni kwamba nguvu unaweza kuibadilisha kwa muda. Dhidi ya kelele ya nje, ubora huongezeka sawia na nguvu ya msukumo, lakini kwa kipeuo cha pili tu cha muda wa kuimba. Chukua vaibreta ndogo ya minyororo, yenye robo ya nguvu ya lori kubwa, inayoweza kupita njia nyembamba ya msituni. Ili ilingane na kaka yake wa sekunde 20 italazimika kuimba mara 16 zaidi, yaani sekunde 320. Dakika tano na ushei kwa kila mahali. Je, ni nyingi? Linganisha na siku nzima ya kuchoronga tundu moja kwenye jabali, na jibu linageuka.

Adui wa vaibreta milimani ni bamba lenyewe. Juu ya udongo sawa linakaa kama sufuria kwenye meza. Juu ya jabali lenye makunyanzi linagusa pembe mbili au tatu tu, linacheza, na ardhi inasikia nyimbo ambazo hazikuandikwa: masafa mara mbili na mara tatu ya yaliyokusudiwa. Mteremko nao unafanya uzito wa lori uegemee upande mmoja. Ukiangalia kifuatilizi cha vaibreta kikionyesha upotofu mkubwa, shuka ukaangalie chini ya bamba kabla hujamlaumu fundi wa haidroli.

Suala la barabara watu hulidharau zaidi. Lori hufuata barabara, barabara hufuata bonde, na bonde ndiko mto umelundika kokoto kavu kwa maelfu ya miaka. Yaani njia rahisi inakupeleka juu ya koti nene kuliko yote. Tena mabonde makuu mara nyingi yametambaa sambamba na mikunjo ya miamba, wakati picha nzuri inataka mstari unaoikata mikunjo hiyo. Unaweza kumaliza mradi kwa wakati, chini ya bajeti, ukiwa na data safi ya mahali ambapo hapakuwa na swali.

Vyanzo vidogo navitaja haraka. Nyundo ya kilo nane na bamba la chuma hutosha kwa makumi ya mita, na kwa kazi ya kupima msingi wa bwawa, mdomo wa handaki au unene wa maporomoko, hakuna sababu ya kutafuta kingine. Uzito unaosukumwa kwa mpira au gesi, uliofungwa nyuma ya trekta, huenda mamia ya mita, na ardhi ikiwa njema huvuka kilomita. Vyote viko juu ya koti, vyote hutibiwa kwa kurudia mapigo, na mapigo manne hukupa ubora mara mbili tu, si mara nne.

Kuchanganya

Baada ya yote hayo, mstari halisi wa milimani huishia kuwa mchanganyiko: vaibreta bondeni, baruti ya matundu marefu pale wachorongaji wa kubeba wanapofika, helikopta kileleni. Ni uamuzi mzuri, ila una deni lake. Wimbi la baruti huanza ghafla na kufifia. La vaibreta, likishakunjwa, lina kilele katikati na mabawa pande zote mbili. Ukiyaunganisha bila kuyalinganisha, tabaka lilelile litaonekana limeruka milisekunde kadhaa pale vyanzo vilipobadilishana, na msomaji wa picha mwenye haraka atalichorea ufa ambao haupo. Tiba ni kupiga sehemu za mpakani kwa vyanzo vyote viwili, mahali palepale, kisha kutengeneza kichujio kinachogeuza wimbi moja kuwa jingine. Mapigo kumi au ishirini ya namna hiyo hukatwa mara kwa mara kwenye bajeti kwa madai kwamba ni marudio. Nisingekubali.

Vinasa visivyo na waya vimeibadilisha kidogo hesabu hii. Zamani nyaya za jiofoni zilikuwa mzigo mzito kuliko baruti. Sasa mtu mmoja anapanda genge na vinasa kadhaa ndani ya begi, kwa hiyo vipokezi vinaweza kujaa hata mahali ambapo chanzo hakifiki. Na kwa kuwa wimbi hupita njia ileile likienda kutoka A kwenda B au kutoka B kwenda A, sehemu ya upungufu wa vyanzo inaweza kufidiwa kwa wingi wa vipokezi.

Kabla ya kuamua, fanya jaribio: matundu ya mita 6, 10, 15 na 20 karibukaribu, yenye kilo moja, mbili na nne, na vaibreta ikiimba hapohapo. Zitazame rekodi zilizogawanywa kwa vipande vya masafa, kwa maana rekodi nzima humdanganya mtazamaji kwa sauti nzito. Majaribio mengi hufanywa karibu na kambi, kwenye udongo mzuri, kwa sababu hapo ndipo gari linafika kabla ya chakula cha mchana. Peleka jaribio kwenye ardhi mbaya kuliko zote utakazokutana nazo. Na kama kuna genge la kilomita moja ambalo hata kwa helikopta halina pa kushusha mashine, liache wazi tangu kwenye ramani, weka vinasa tu, na ongeza mapigo pande zake mbili kwa umbali utakaowezesha miangwi ya chini yake kunaswa kwa mshazari.